Miaka 22 ya Max Perutz haikuwa bei ya picha

Tarehe 9 Oktoba 2024, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotangazwa mjini Stockholm, nusu yake ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper wa Google DeepMind kwa ajili ya AlphaFold, programu yao inayokadiria umbo la protini, na nusu nyingine kwa David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington kwa kazi ya kubuni protini mpya. Tangu siku hiyo kuna mfano unaorudiwa kila mahali, kuanzia mihadhara hadi makundi ya WhatsApp ya walimu wa sayansi: kwamba mwanakemia Max Perutz alihangaika miaka 22 kupata umbo la himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na leo kompyuta inalitoa kabla chai haijapoa. Mfano huo ni mtamu na hesabu yake haina kasoro kubwa. Kasoro iko kwenye fundisho linalochotwa humo, kwamba mtu kutumia umri wake wote kuifuata protini moja yenye chuma ni ushamba wa zama zilizopita. Niseme mapema ninakoelekea: miaka 22 ya Perutz haikuwa bei ya picha. Picha ilikuwa kituo cha njiani. Na kwa nchi kama Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa kila mwaka na selimundu, ugonjwa wa himoglobini hiyohiyo, kuisoma vibaya hadithi hii ni hasara yenye majina na sura za watu.

Perutz alizaliwa Vienna mwaka 1914 katika familia iliyotajirika kwa viwanda vya nguo, na wazazi wake walitaka asome sheria aje aangalie mali. Yeye akachagua kemia. Mwaka 1936 alihamia Cambridge kujifunza kwa J. D. Bernal namna ya kupiga fuwele za protini kwa miali ya eksirei. Alikuwa na mbinu, swali hana. Mwaka uliofuata alimtembelea Prague mwanakemia Felix Haurowitz, aliyekuwa amemuoa binamu yake, naye ndiye aliyemwelekeza kwenye himoglobini. Haurowitz mwenyewe aliwahi kuona jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kazi yote iliyofuata. Weka chini ya hadubini fuwele za himoglobini isiyo na oksijeni: ni vibamba vya zambarau vyenye pembe sita. Acha hewa ipenye taratibu pembeni mwa kioo. Vibamba vinabomoka mbele ya macho yako, na mahali pake zinaota sindano nyekundu kama damu mbichi. Fuwele ni ukuta wa matofali yaliyopangwa kwa ulinganifu. Ukuta ukianguka na kujijenga upya kwa mpango mwingine, basi kila tofali limegeuka umbo. Himoglobini ikishika oksijeni hujikunja upya, ikiiachia hurudi. Lilijulikana hilo mwaka 1938, zaidi ya miaka 20 kabla ya picha yoyote. Swali la Perutz halikuwa tu molekuli hii ina sura gani. Lilikuwa inapumuaje.

Njia ya kulijibu ilikuwa imefungwa. Miali ya eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Ukali wa kila doa unapimika, lakini habari ya pili, yaani wimbi lilifika likiwa limepanda au limeshuka, hupotea njiani, na bila hiyo madoa hayawezi kugeuzwa kuwa umbo. Kwa miaka 16 Perutz alikusanya maelfu ya madoa asiyokuwa na ufunguo wake. Katikati ya hayo vita vikaingia. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata kama raia wa adui, wakampeleka Kanada, kisha wakamrudisha mwaka uliofuata. Mwaka 1949 alitoa modeli iliyoifanya himoglobini ionekane kama kopo la kofia lenye fito sambamba ndani yake. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wa utafiti wa maabara hiyohiyo, Francis Crick, alisimama mbele ya wakubwa wake na kuonesha kwa hesabu kwamba modeli hiyo haiwezi kuwa kweli. Mwaka huohuo wa 1951 Linus Pauling, kule California, akatangaza mzingo wa alfa, umbo la msingi la protini ambalo Perutz na wenzake walikuwa wamelikosa. Perutz alisoma makala ya Pauling siku ya Jumamosi, akaudhika, akaenda moja kwa moja maabara, akatega unywele wa farasi, ambao nao ni protini, mbele ya miali kwa pembe ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Kama Pauling yuko sahihi, doa fulani lingetokea mahali fulani. Likatokea. Ni kazi ya saa chache iliyowezekana kwa sababu mtu huyo alikuwa ameishi na madoa hayo tangu ujana wake.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1953, nao ulikuwa metali nyingine. Perutz alipachika atomu za zebaki kwenye himoglobini ya farasi bila kuharibu fuwele. Zebaki ni nzito, hivyo ilibadilisha ukali wa madoa kiasi cha kupimika, na kwa kulinganisha fuwele yenye zebaki na isiyo nayo, ile habari iliyopotea ikaanza kurudi. Mbinu hiyo ndiyo iliyomwezesha mwenzake John Kendrew kutangulia mwaka 1958 na umbo la mayoglobini, protini ndogo ya misuli yenye chuma kimoja. Himoglobini, yenye minyororo minne na atomu nne za chuma, ikafuata na kuchapishwa mapema mwaka 1960. Wote wawili walipata Nobel ya mwaka 1962. Hapa ndipo mfano wa chai hufunga kitabu.

Ukweli ni kwamba picha ile ilimkatisha tamaa. Atomu nne za chuma zilionekana zimekaa mbalimbali, kila moja kwenye mfuko wake, mbali mno kuweza kuathiriana moja kwa moja. Na bado ilijulikana kwamba zinaathiriana. Himoglobini hufanya kama abiria na daladala tupu: wa kwanza husita kupanda, lakini wakishaonekana wawili watatu ndani, wengine hukimbilia, na kushuka vilevile, akianza mmoja wengine humfuata. Bila tabia hiyo damu isingeweza kujaza oksijeni kwenye mapafu na kuimwaga kwenye misuli. Picha haikueleza chochote kuhusu hilo. Ilibidi apate umbo kwa undani zaidi, kisha alipate pia umbo la himoglobini isiyo na oksijeni, ayaweke bega kwa bega. Mwaka 1970 ndipo alipotoa maelezo: chuma kisipokuwa na oksijeni hukaa kidogo nje ya bamba la himu, yaani kile kipande cha molekuli kinachokibeba, oksijeni ikifika, hurudi ndani ya bamba. Mwendo wenyewe ni kama nusu ya angstromu, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Chuma kinaporudi huvuta asidi amino iliyokishika, yaani pingili moja ya mnyororo wa protini, nayo huvuta mzingo mzima, na vifungo vinavyobana minyororo minne huachia kimoja baada ya kingine. Komeo dogo linaloachia lango zima. Kipimo chake cha kwanza cha mwendo huo kilizidi kidogo, na wenzake walibishana naye kwa miaka mingi, lakini mwili wa hoja umesimama. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu bei asiandike 22. Kutoka 1937 hadi 1970 ni miaka 33, na picha ilipatikana theluthi mbili ya njia.

Sasa upande wa pili, na nianze na hoja yake iliyo nzito, maana ipo. AlphaFold si porojo. Tangu Julai 2022 hazina yake ina makadirio ya maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mitambo mikubwa ya eksirei inayotumiwa na wataalamu wa fani hii haipo hata mmoja kusini mwa Sahara; mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret aliyetaka umbo la protini ya kimelea anachokisoma alipaswa kupata ufadhili, viza na rafiki Ulaya. Leo analifungua kwenye simu yake. Anayebeza hilo ama hajawahi kuomba viza au amesahau. Nakubali pia kwamba kwa protini nyingi hakuna haja ya mtu kuzeeka nazo. Umbo linatosha, kazi isonge mbele.

Wapo wanaoitetea kazi ya Perutz kwa hoja ambayo mimi nisingeiegemea. Husema: AlphaFold haioni metali. Ni kweli kwamba toleo la pili, lililotikisa dunia mwaka 2020, lilitoa mnyororo wa protini pekee. Ukiomba himoglobini unapewa nyumba yenye shimo safi pale himu inapopaswa kukaa, na chuma hakipo. Kwa kuwa inakadiriwa kama theluthi moja ya protini zote huhitaji metali fulani ili zifanye kazi, lilikuwa pengo kubwa. Lakini toleo la tatu, la Mei 2024, linaweka ayoni za metali na molekuli ndogo, na matoleo yajayo yataziweka vizuri zaidi. Anayejenga utetezi wa sayansi kwenye pengo la programu anajenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara.

Hoja yenye nguvu iko kwingine, na selimundu ndiyo inayoionesha vizuri kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Mwaka 1956, katika maabara hiyohiyo ya Cambridge, Vernon Ingram alichukua himoglobini ya selimundu ambayo daktari Tony Allison, aliyekulia Kenya na ndiye aliyeonesha mwaka 1954 uhusiano wa selimundu na kinga ya malaria, alikuwa ameiacha kwa Perutz. Ingram akaikatakata na kukuta tofauti iko kwenye kipande kimoja tu. Baadaye ikabainika kwamba ni asidi amino moja, ya sita kwenye mnyororo wa beta. Himoglobini nzima ina asidi amino 574. Zilizobadilika ni mbili, moja kwa kila mnyororo wa beta. Na jambo ambalo mfano wa chai hauwezi kulimeza ni hili: umbo la molekuli ya selimundu, ukiipiga picha peke yake, linakaribia kufanana kabisa na la mtu mzima wa afya. Weka picha mbili mezani na utaona ndugu pacha. Ugonjwa haumo ndani ya umbo la molekuli moja. Umo katika yale yanayotokea molekuli zikipoteza oksijeni, zikajikunja ule mkunjo alioueleza Perutz, na ile asidi amino ya sita ikapata mfuko wa kujichomeka kwenye molekuli ya jirani. Moja hushika nyingine, nyingine hushika ya tatu, mpaka nyuzi ngumu zinaipinda chembe nyekundu nzima ya damu. Perutz na J. M. Mitchison waliliona hilo kwa njia ya kikemia mwaka 1950, miaka kumi kabla ya picha: himoglobini ya selimundu ikinyimwa oksijeni, uwezo wake wa kuyeyuka hushuka ghafla.

Niliwahi kukaa nusu saa katika maabara ya hospitali moja ya wilaya nikimtazama mtaalamu akipima selimundu kwa njia ya zamani. Tone la damu kwenye kioo, tone la sodiamu metabaisalfaiti, kioo chembamba juu, kingo zikazibwa kwa mafuta mazito ya kujipaka ili hewa isipite, kisha kungoja. Dawa ile hainyoshi wala haipindi chochote. Kazi yake ni kuinyang'anya damu oksijeni. Nilipoitwa kuchungulia, chembe zilizokuwa za mviringo kama visahani zilikuwa zimechongoka. Ni jaribio la Haurowitz hilo, limegeuzwa kichwa chini, linafanyika mikoani bila yeyote kulitaja jina.

Turudi kwenye mwaka 2024, maana kuna habari nyingine ambayo ilipita kimya. Tarehe 25 Septemba, wiki mbili kamili kabla ya tangazo la Nobel, kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote dawa ya selimundu iitwayo voxelotor. Dawa hiyo ilikuwa mtoto halali wa fani ya maumbo. Ilibuniwa ijichomeke kwenye himoglobini na kuizuia isiachie oksijeni kirahisi, kwa mantiki kwamba isiyoachia haijikunji, na isiyojikunja haifanyi nyuzi. Ilipata idhini ya haraka Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha kiwango cha himoglobini, ingawa haikuwa imethibitika kupunguza vipindi vya maumivu makali. Kisha yakaja majaribio zaidi, baadhi yake yakifanyika Kenya na Nigeria, na kampuni ikakiri kwamba faida haizidi tena madhara, vikiwemo vifo. Kuna wakosoaji waliouliza tangu mwanzo: himoglobini iliyofundishwa kung'ang'ania oksijeni, inamfaa nini msuli unaoihitaji? Swali hilo halimo kwenye umbo. Limo kwenye kuelewa kupumua. Na Perutz alikwishagonga ukuta wa jamii hiyo: mwaka 1983, yeye na Donald Abraham walipochunguza dawa zinazoweza kuzuia nyuzi, walikuta mojawapo inazizuia kweli kwenye chupa ya maabara, lakini wakati huohuo inaisukuma himoglobini iachie oksijeni mapema, yaani inaiandaa kwa ugonjwa uleule. Umbo walikuwa nalo, hadi kiwango cha atomu.

Atakayeniambia kwamba yote haya yamepitwa, kwa kuwa sasa kuna tiba ya kuhariri vinasaba, nitamjibu kwa bei na kwa asili. Tiba ya Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nje ya gharama za hospitali, na inahitaji kuua uboho wa mgonjwa kwa dawa kali kwanza. Na wazo lake halikutoka kwenye mashine. Lilianzia kwa daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliyegundua mwaka 1948 kwamba vichanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, akashuku himoglobini ya kichanga inawakinga. Haidroksiyurea, kidonge ambacho wagonjwa wetu wanakipata, nacho hupita njia hiyohiyo ya kuiamsha himoglobini ya utotoni.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayovaa suti: kwamba kwa kuwa umbo sasa ni bure, nchi maskini hazina sababu ya kusomesha watu wa maabara kwa miaka mingi, zifundishe vijana kutumia programu na zidai matokeo ndani ya miaka mitatu. Ninayaona maneno ya aina hii kwenye maandiko ya miradi na mwandishi wake huyaita uhalisia. Kwanza, hazina ya maumbo yaliyopimwa maabarani, ile iliyoifundisha AlphaFold, ilianza mwaka 1971 na maumbo yasiyofika kumi, himoglobini ikiwamo, na kila lililoongezwa lilitoka kwa mtu aliyekaa maabarani na protini yake. Anayevuna shamba na kupendekeza mbegu isihifadhiwe si mwanahalisia. Pili, programu hujibu swali uliloliuliza. Haikuambii kwamba swali ulilouliza silo.

Pingamizi la haki lililobaki ni hili: kwa kila Perutz mmoja, wapo wangapi waliokaa miaka 20 na protini yao wasitoke na kitu? Wapo, na sitajifanya siwaoni. Lakini ukitazama kilichomweka Perutz kazini, hukuti subira ya upofu. Unakuta msaada wa Rockefeller Foundation tangu 1939, kikosi kidogo cha watu wawili kilichoanzishwa mwaka 1947 na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na kiongozi, Lawrence Bragg, aliyeielewa fizikia yake vya kutosha kumtetea. Unakuta pia mwanafunzi aliyeruhusiwa kuibomoa modeli ya mkubwa wake hadharani, akabaki na kazi yake. Hili la pili huwa tunaliruka, na kwenye vyuo vyetu ndilo gumu kuliko fedha. Mwanafunzi wa uzamivu anayemwambia profesa wake mbele ya idara kwamba mahesabu yake hayasimami, kwetu hutafutiwa msimamizi mwingine.

Mambo haya kwa hapa kwetu yana sura mahususi. Muhimbili kuna kundi la wagonjwa wa selimundu linalofuatiliwa tangu 2004, kazi iliyomjengea jina Profesa Julie Makani na wenzake, na ni miongoni mwa makubwa duniani kwa kituo kimoja. Ni hazina ambayo Cambridge ya 1937 haikuwa nayo: watu, familia zao, na miaka yao. Kinachohitajika kando yake ni wanakemia wa protini watakaoajiriwa kwa himoglobini yenyewe, si kwa mradi. Watakaobaki kazini mfadhili akiondoka, wenye friji isiyozimwa umeme ukikatika na fundi anayelipwa kuitunza mashine ya kupimia ushikaji wa oksijeni. Picha za kompyuta watazipata bure, na wazitumie bila aibu. Waanze hata na swali ambalo lipo kila siku ya kliniki, kwenye benchi la kungojea. Utawakuta ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, wote wana selimundu: asidi amino ileile ya sita, chuma kilekile, umbo ambalo kompyuta huchora kwa dakika chache. Himoglobini ya utotoni iliyobaki damuni huweza kueleza sehemu ya tofauti yao, si yote. Mmoja amelazwa mara nne mwaka huu. Mwingine amekuja kuchukua vidonge tu, na viatu vya mpira viko kwenye mfuko wa rambo, kwa sababu jioni wana mechi.